Seti Yako ya Kadi Inapogoma Mezani: Dalili, Sababu na Marekebisho

Mwongozo huu unamhusu mtu ambaye tayari amebuni seti yake ya kadi za ulimwengu wa njozi, ameichapa, amewaketisha wenzake mezani, kisha akaona mchezo hauendi kama alivyokusudia. Mifano yake inatoka kwenye Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa na Wizards of the Coast mwaka 1993, kwa sababu ndio wenye historia ndefu ya seti zilizotengenezwa mahususi ili zichezwe kwa kuchagua kwa zamu. Utaratibu wenyewe unajulikana: wachezaji 8 huketi duara, kila mmoja akiwa na pakiti 3, hufungua moja, huchukua kadi moja na kupitisha zilizobaki kushoto, pakiti ya pili hupita kulia, ya tatu kushoto tena, mwishowe kila mmoja huunda fungu la kadi 40, ambamo kwa kawaida 17 ni ardhi za kuzalisha mana, yaani malipo ya kuchezea kadi nyingine, na 23 ni viumbe na uchawi.

Kwa miaka mingi pakiti ya kuchagulia ilikuwa na kadi 15, yaani, kwa daraja la uadimu, kadi 10 za kawaida, 3 za wastani na 1 adimu, pamoja na 1 ya ardhi. Pakiti rasmi zilibadilishwa mwaka 2024, lakini mgawanyo wa zamani bado ndio mwepesi zaidi kwa mbunifu anayechapa nyumbani, na ndio utakaotumika hapa.

Kabla ya kugusa kadi yoyote

Baada ya jaribio la kwanza, lawama karibu zote huangukia kadi adimu: lile joka lililommaliza mtu kwa zamu mbili, ule upanga usiozuilika. Mbunifu hukimbilia faili lake na kulipunguza nguvu joka, na jaribio linalofuata huleta malalamiko yaleyale yakiwa na jina la kadi nyingine. Sababu ni ya kihesabu. Watu 8 wanapofungua pakiti 24, wanafungua kadi za kawaida 240. Seti ikiwa na kadi za kawaida 101, za wastani 80 na adimu 53, kama zilivyokuwa seti nyingi kubwa za Magic za miaka ya 2010, basi kila kadi ya kawaida hutokea mezani wastani wa mara 2.4, kila kadi ya wastani mara 0.9, na kila kadi adimu takriban mara 0.4. Maana yake ni kwamba meza nyingi hazitaliona kabisa joka lile. Tatizo linalojirudia meza baada ya meza, kwa hiyo, limo ndani ya kadi za kawaida, hata kama waliokuwa wakicheza wanalitaja joka. Na kila dalili inayofuata hapa chini ichunguzwe huko kwanza.

Anayetengeneza seti ya watu wanne tu apunguze ukubwa badala ya kuiga hesabu za kampuni. Watu 4 hufungua pakiti 12, yaani kadi za kawaida 120. Kadi za kawaida 60 tofauti zitaipa kila moja nafasi ya kutokea mara mbili, na hilo linatosha.

Mbinu uliyoikusudia haijengeki

Hii ndiyo dalili inayowasumbua wabunifu wengi kuliko zote, nayo hueleweka vibaya. Umeandika kwamba nyeupe na buluu, mbili kati ya rangi tano za mana na kadi, ni rangi za mizimu: mizimu ikiwa mingi mezani, inapeana nguvu. Mchezaji ameliona wazo hilo katika pakiti ya kwanza, amelipenda, amelifuata, na mwisho wa uchaguzi ana mizimu minne na kadi tatu zinazoisifu mizimu isiyokuwapo. Mbunifu anafungua faili na kuhesabu: mizimu ipo 17. Anashangaa.

Idadi iliyomo kwenye faili haimfai mchezaji. Kinachomfaa ni wastani wa kadi hizo katika kila pakiti inayofunguliwa. Chukua seti ileile ya kadi za kawaida 101 na za wastani 80. Tuseme mizimu 5 ni kadi za kawaida na 12 ni za wastani. Gawanya 5 kwa 101 kisha zidisha kwa 10, kwa kuwa pakiti ina kadi 10 za kawaida: unapata 0.50. Gawanya 12 kwa 80 kisha zidisha kwa 3: unapata 0.45. Kila pakiti ina mizimu 0.95, na meza nzima ya pakiti 24 ina mizimu 23 hivi. Sasa geuza mgawanyo: mizimu 12 iwe ya kawaida na 8 ya wastani. Faili linaonyesha 20, nyongeza ya kadi tatu tu, lakini kila pakiti sasa ina mizimu 1.5 na meza nzima ina 36. Wachezaji wawili wanaoigombea mizimu, huku wenzao wakiwachukulia michache njiani, wanaweza kufikisha kumi kila mmoja katika hali ya pili. Katika hali ya kwanza hata mmoja peke yake atahangaika.

Marekebisho, basi, ni kushusha daraja la kadi na wala si kuongeza kadi mpya. Mzimu sahili wa gharama ya mana 2, mwenye nguvu 2 na uimara 1, anayeruka na asiye na maandishi mengine, akiwa kadi ya kawaida huijenga mbinu kuliko mfalme wa mizimu mwenye aya nzima ya uwezo.

Ipo sababu ya pili inayofanana na hii kwa sura lakini tiba yake ni tofauti: kadi za mbinu hiyo hazina kazi nje ya mbinu hiyo. Champions of Kamigawa ya mwaka 2004 ilikuwa na uwezo wa kuunganisha uchawi mmoja na mwingine, lakini uchawi wa aina moja tu, ile iliyoitwa Arcane. Aliyekosa kadi za Arcane za kutosha alibaki na kadi zisizotimiza ahadi yake. Lorwyn ya mwaka 2007, iliyojengwa juu ya makabila ya viumbe, ilitafuta njia ya kutokea kwa kuweka viumbe vinavyohesabiwa kuwa vya kila kabila, ili kadi moja imfae mtu wa nguva, mtu wa majitu na mtu wa vichimbakazi kwa pamoja. Mbunifu wa nyumbani anaweza kuiga busara hiyo bila kuiga kadi: mwandikie kila mzimu sababu moja ya kuchukuliwa na mtu asiyejali mizimu, na kila kadi inayoisifu mizimu iwe na faida ndogo hata mzimu ukiwa mmoja.

Mchezo unaisha kabla haujaanza

Wachezaji wanasema aliyetangulia kucheza ndiye anayeshinda, na kadi za gharama ya mana 5 na kuendelea zinabaki mikononi. Zendikar ya mwaka 2009 ni mfano unaojulikana: viumbe vyake vingi viliongezeka nguvu kila mchezaji alipoweka ardhi, hasa katika zamu yake mwenyewe, kwa hiyo vilikuwa vikali vinaposhambulia na dhaifu vinapozuia.

Panga viumbe vyote vya kawaida vya gharama 2 na 3 mezani, ulinganishe nguvu na uimara. Ikiwa vingi ni 2/1 (nguvu 2, uimara 1) na 3/1, umekwisha kuipata sababu, maana kila kizuizi kinaishia kwa viumbe viwili kufa au kwa anayezuia kupoteza, na mchezaji mwenye akili huacha kuzuia. Weka katika kila rangi isiyo ya mashambulizi angalau viumbe viwili vya 1/3 au 2/3 vya bei nafuu. Usikimbilie kadi za kuongeza uhai; zinarefusha mchezo bila kuubadilisha, na anayeshindwa anashindwa polepole.

Mchezo hauishi

Kinyume chake ni ukuta kwa ukuta: kila mtu ana viumbe sita vya 2/4, hakuna anayethubutu kushambulia, na watu wanaanza kutazama simu zao. Hapa chunguza mambo mawili. La kwanza ni idadi ya kadi za kawaida zinazopenya, yaani zinazoruka, zinazohitaji kuzuiwa na viumbe wawili, au zinazomzuia mpinzani asizuie. La pili ni matumizi ya mana za mwisho wa mchezo. Mchezaji mwenye ardhi 8 na mkono mtupu anahitaji mahali pa kumwaga mana hizo, na ndiyo sababu seti nyingi hutumia uwezo wa kulipa ziada ili kadi ifanye zaidi, ulioanza na Invasion mwaka 2000, au wa kuirudia kadi kutoka kaburini, yaani rundo la kadi zilizokwisha kutumika, ulioanza na Odyssey mwaka 2001. Mchezo mrefu wenyewe si kosa. Rise of the Eldrazi ya mwaka 2010 ilikusudiwa kuwa ya polepole, na iliwapa wachezaji viumbe vidogo vya kutoa kafara kwa ajili ya mana ili kuyafikia majitu ya gharama 8 na zaidi. Kosa ni urefu usio na kitu cha kungojea.

Kadi zinakwama mkononi

Mchezaji ana kadi tano na hawezi kucheza hata moja. Kabla ya kulaumu bahati, kumbuka wastani: ardhi 17 katika kadi 40 zinampa ardhi 3 katika kadi 7 za mwanzo, na ardhi ya sita humfikia akiwa ameona takriban kadi 14, yaani karibu na zamu ya saba au ya nane. Seti ambayo nusu ya viumbe vyake vya kawaida vinagharimu mana 5 au 6 imewahukumu watu kukaa kimya kwa muda mrefu wa mchezo. Wabunifu wa njozi huangukia hapo kwa urahisi kwa sababu majoka, majitu na malaika huonekana kudai gharama kubwa. Lakini kila joka linahitaji walinzi wa lango, wachuuzi, mbwa na vijakazi wa gharama 1 hadi 3 wa kuishi chini yake.

Ikiwa gharama ziko sawa na bado kadi zinakwama, tazama rangi. Kadi ya gharama 2 inayodai mana mbili za rangi ileile ni ngumu kuichezesha mapema katika fungu la rangi mbili, na seti inayowataka watu wacheze rangi tatu bila kuwapa ardhi za kutosha ni mtego. Khans of Tarkir ya mwaka 2014 ilijengwa juu ya koo za rangi tatu, na haikuanguka kwa sababu ilikuwa na ardhi 10 za kawaida, moja kwa kila jozi ya rangi, pamoja na viumbe vingi vilivyoweza kuwekwa kifudifudi kwa mana 3 za rangi yoyote. Mchezaji aliyekosa rangi alikuwa bado na la kufanya.

Rangi moja inashinda daima

Uliza swali moja kabla ya kurekebisha chochote: rangi hiyo iliposhinda, ilikuwa inachezwa na wangapi? Kuchagua kwa zamu kuna dawa yake ya ndani, kwa kuwa rangi iliyo bora hugombewa na kila anayeigombea hupata kidogo. Ikiwa mtu mmoja tu ndiye aliyeicheza nyekundu na akashinda, huenda wenzake hawakuijua thamani yake, na jaribio linalofuata litajisawazisha lenyewe. Ikiwa watu wanne waliigawana na bado wawili kati yao wakafika fainali, basi kadi zake za kawaida ni nzuri hadi ya kumi na tano, na hapo ndipo pa kukata. Dhoofisha kadi mbili au tatu za kawaida za rangi hiyo. Kuziongezea nguvu rangi nyingine nne ni kazi mara nne, na huishia kuuharakisha mchezo mzima.

Wakati mwingine kadi hazina kosa na aliyekosea ni mpangaji wa pakiti. Ukichanganya kadi zote za kawaida katika rundo moja na kuhesabu kumikumi, zaidi ya theluthi ya pakiti zako zitakosa kabisa angalau rangi moja kati ya tano. Tenga marundo matano kwa rangi, weka kadi moja kutoka kila rundo katika kila pakiti, kisha jaza nafasi tano zilizobaki kutoka kwenye mchanganyiko.

Kiumbe kimoja kikishuka, mchezo umekwisha

Hii ni ishara ya upungufu wa kadi za kuondoa viumbe. Avacyn Restored ya mwaka 2012 ililalamikiwa na wachezaji wengi kwa sababu hiyo. Kila rangi iwe na njia yake katika kadi za kawaida: nyeusi huua, nyekundu huchoma, nyeupe hufungia, buluu hurudisha mkononi au hupinga uchawi kabla haujatimia, kijani hukipiganisha kiumbe chake na cha mpinzani. Njia tatu za kawaida kwa kila rangi ni kianzio kizuri kwa maoni yangu, mradi angalau mbili kati yake ziwe na sharti au bei. Zikiwa nafuu na zisizo na sharti, utapata ugonjwa wa kinyume, ambapo hakuna kiumbe kinachodumu na mchezaji anaona uvivu kukipenda chochote.

Watu wanasoma kuliko wanavyocheza

Mark Rosewater, mbunifu mkuu wa Magic, alieleza mwaka 2011 sera ya kupunguza ugumu katika kadi za kawaida, kwa hoja kwamba mchezaji mgeni hukutana na kadi hizo zaidi kuliko nyingine zote. Kadi za kawaida zenye alama ya hatari, kama maandishi marefu au uwezo unaoathiri kadi nyingine kila mara, zisizidi asilimia 20. Mbunifu wa nyumbani ana sababu nyingine ya kuifuata: wachezaji wake wanasoma kadi zote kwa mara ya kwanza, hata wale wakongwe. Kadi ya kawaida inayozidi mistari minne ipande daraja au ikatwe.

Njozi haionekani

Ficha jina na picha ya kadi, mpe mwenzako asome uwezo wake, kisha muulize ni nani. Asipokuwa na hata dhana ya jibu, jina limebandikwa tu juu ya hesabu. Tuchukue mfano wa Fumo Liyongo, shujaa ambaye msomaji wa Kiswahili hahitaji kutambulishwa kwake. Kadi ya 6/6 ya gharama 6 iliyoandikwa jina lake ingeweza kuitwa jitu lolote. Lakini kisa chake kimejaa mambo yanayogeuka kuwa kanuni bila kulazimishwa: silaha hazimwui isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na alipokwisha kuchomwa alipiga goti karibu na kisima, mshale upindeni, akafa akiwa katika hali hiyo, huku watu wa mji wakiogopa kwenda kuteka maji kwa kudhani angali hai. Mwandike hivi: haangamizwi na uchawi wala mapigano, mpinzani yeyote anaweza kulipa mana 5 na kukitoa kafara kiumbe chake mwenyewe ili kumwangamiza, na akifa, viumbe vya wapinzani haviwezi kushambulia hadi mwisho wa zamu inayofuata ya kila mmoja wao. Kafara ya kiumbe ni yule jamaa yake aliyetumwa kumchoma. Mtu akisoma uwezo huo bila jina, atajibu.

Kadi hiyo ni adimu, na kwa hesabu tuliyoiona meza nyingi hazitaiona. Njozi yako inabebwa na kadi za kawaida: mlinzi wa gereza, kijakazi apelekaye chakula, na mkate. Katika kisa, tupa ya kukatia minyororo ilifichwa ndani ya mkate wa wishwa ambao walinzi waliudharau. Kadi ya kawaida ya gharama 1 iitwayo Mkate wa Wishwa, inayotolewa kafara ili kuondoa kifungo kilichowekwa juu ya kiumbe chako, itaonekana mara mbili au tatu katika kila meza, na inajibu kadi za kufungia za rangi nyeupe. Kwa kadi ya mistari miwili, mchezaji ameshakiishi kisa kabla hajaliona jina la Liyongo.

Wenzako wanasema kila kitu ni kizuri

Dalili ya mwisho inatokana na swali lenyewe. Ukimuuliza rafiki kama ameipenda seti, atakujibu kwa adabu. Badala yake andika mambo yanayoonekana: mchezo uliisha zamu ya ngapi, kadi zipi zilibaki mkononi mwa aliyeshindwa, na kadi zipi zilikuwa za mwisho kuchukuliwa katika kila pakiti. Orodha hii ya tatu ina faida kuliko mbili zilizotangulia. Kadi ya kawaida inayofika ya mwisho mikononi mwa watu watatu tofauti, wa rangi tofauti, inakalia nafasi ambayo ingeweza kutokea mezani mara mbili na zaidi ikiwa na kazi; itoe hata kama picha yake ndiyo uliyoipenda kuliko zote.

Usibadilishe kadi nyingi kwa mkupuo, maana hutajua ni ipi iliyoleta tofauti. Wala usigharamie karatasi ngumu katika hatua hii: ukurasa wa A4 unabeba kadi 9 za milimita 63 kwa 88, fotokopi nyeusi na nyeupe inasomeka vizuri, na kipande hicho kikiingizwa kwenye mfuko wa plastiki mbele ya karata kuukuu kinachanganyika kama kadi halisi. Andika tarehe ya toleo kwenye kona ya kila kadi, kwa sababu toleo la zamani la kadi lililosahaulika ndani ya pakiti huharibu matokeo ya jaribio zima, na hakuna atakayegundua hadi mchezo uishe.